Mwigizaji Ambaye Hakuruhusiwa Kusema

Yule mama wa Kijapani alikuja Bellevue mara ya kwanza Jumamosi moja mchana, nikiwa nimeshika maiki na ukumbi umejaa. Nikisema ukumbi nina maana ya gereji ya shangazi wa marehemu mke wangu, bibi kizee wa hapahapa Johannesburg ambaye mtaa mzima humwita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu. Nyumba yake imekatwakatwa vyumba vya kupangisha, kama nyumba nyingi za mtaa huu. Gereji alinipa bure, kwa kuwa hana gari, na kwa kuwa nyumba isiyo na kelele humkumbusha msiba.

Kazi yangu ni kutafsiri picha. Natundika shuka jeupe ukutani, nawasha projekta, napunguza sauti ya filamu mpaka inabaki kama ya mbu, halafu nasimama pembeni na kuisema yote kwa Kiswahili. Jambazi ana sauti yake, mama mkwe ana yake, na mbwa akibweka nabweka. Nilijifunza ujanani, Morogoro, kwenye mabanda ya video. Hukohuko ndiko nilikompata mke wangu, aliyekuwa akiishi uhamishoni na wazazi wake. Nchi yao ilipokuwa huru nikamfuata kwao. Ametangulia mbele ya haki, na mimi nimebaki na shangazi yake na Kizulu alichonifundisha.

Wateja wangu ni Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya: wasusi, wachuuzi, walinzi wa mageti ya watu. Wiki nzima wanajieleza kwa lugha za kuungaunga. Wakiingia gerejini kwangu mabega yao yanashuka.

Yule mama alikaa dawati la nyuma kabisa, mgongo umenyooka, mkoba mapajani, mwanamke wa miaka sitini na ushee mwenye nywele fupi za mvi. Nilidhani amepotea njia. Picha ilipokwisha na watu kuanza kutoka, akanifuata mbele.

"Nani alikufundisha kufanya hivi?" aliniuliza kwa Kiingereza.

"Hakuna, mama. Niliwasikiliza walionitangulia."

"Kwetu walikuwepo watu kama wewe, enzi za picha zisizo na sauti. Kila ukumbi ulikuwa na wake. Bibi yangu alikuwa mwigizaji, na watu walimsikia akiongea kwa mdomo wa mmoja wao."

Alinieleza kwamba yeye ni mwalimu wa piano, na ni mjane kama nilivyo mimi. Mumewe aliletwa Johannesburg na kazi, akafia hapa, akazikwa hapa, naye hakuona sababu ya kumwacha peke yake. Habari zangu alizipata kwa mwanafunzi wake, binti wa Kikongo. Alikuwa na kipande cha filamu ya bibi yake, kilichohamishiwa kwenye kompyuta, pekee kilichosalia katika picha zote alizocheza. Alitaka kisemwe mbele ya watu, kama zamani.

"Nikikisema kwa Kijapani hapa, nitajisikiliza mwenyewe," alisema. "Wewe una watu."

Nilikubali. Ila nilimwambia siwezi kumsemea mtu nisiyemjua. Basi akawa anakuja siku za kazi, mchana, baada ya masomo ya piano. Tulikaa chumba cha mbele, alichopanga mama mmoja wa Bukavu, fundi cherehani, kwa sababu ndicho chenye jua. Mama fundi alishona, mjukuu wa mwigizaji akasimulia, mimi nikasikiliza na kumtafsiria mama fundi pale Kiingereza kilipomshinda. Ndivyo nilivyoyajua maisha ya yule mwigizaji.

Alizaliwa kwenye kisiwa cha kusini kabisa mwa Japani. Baba yake alipiga ala ya nyuzi katika kundi la maigizo lililozunguka mji hadi mji. Lugha ya kwao ilikuwa na mkunjo ambao watu wa Tokyo wakiusikia walicheka kwanza, kisha wakauliza unatoka wapi. Baba alipougua kifua kundi likavunjika, na binti akaenda Tokyo kutafuta kazi. Aliipata katika kampuni ya picha, kazi ya kuwavalisha waigizaji. Walipigia picha ndani ya jengo la vioo mpaka juu, kwa ajili ya kupata jua, na siku za joto watu walizimia mle ndani.

Wakati huo wanawake hawakuonekana kwenye picha za kwao. Sehemu za wanawake zilichezwa na wanaume waliorithi kazi hiyo kutoka jukwaani. Binti alimvalisha mmoja wao, mtu mzima mwenye mikono mizuri, ambaye alijua kulia kuliko mjane yeyote. Alimpaka poda shingoni na kumfunga mshipi mpana wa kimono mgongoni. Mpaka siku mwongozaji mmoja, aliyekuwa ametazama sana picha za ng'ambo, alipomwona binti akikatiza kwenye mwanga na furushi la nguo. Akamwambia arudi, apite tena, aweke furushi chini, apite mikono mitupu.

Yule mwanamume aliyekuwa akivalishwa alisimama akitazama. Binti alipokwisha kupita, akamwambia taratibu, bila chuki, "Unatembea kama mwanamke wa kweli. Watu hawatoi kiingilio kuja kuona hilo."

"Mais!" Mama fundi aliacha kushona. "Banaume njo bafundishe banamuke kutembea?"

"Baada ya miaka michache mwanamume yule alikosa kazi kabisa," mjukuu alisema. "Akawa anafundisha binti za matajiri namna ya kukaa."

Mwanzoni watu kweli walicheka ukumbini kumwona mwanamke anayetembea tu. Halafu wakaacha kucheka. Picha ya pili wakalia naye, ya tatu wakapanga foleni. Kadi zenye uso wake ziliuzwa madukani, na wasichana wakaanza kufunga nywele kama yeye. Lakini kampuni ilimpa sharti moja: asiseme neno mbele ya watu. Kwenye sherehe ainame, atabasamu, anyamaze. Uso ule, walimwambia, hauendani na lahaja ile.

Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. Kwenye ukumbi mkubwa wa Tokyo alikuwepo msimuliaji mmoja, mwanamume wa suti na kola ngumu, ambaye watu walikuja kumsikia kama walivyokuja kuitazama picha. Huyo ndiye aliyemsemea. Mwigizaji alikwenda mara moja kwa siri, kitambaa kichwani, akakaa nyuma. Akajiona ukutani akifungua mdomo, na kutoka gizani ikaja sauti laini ya bibi wa mjini, kila neno limepigwa pasi. Alimwambia mjukuu wake kwamba siku hiyo aliwachukia wasimuliaji wote, na kwamba alirudi tena wiki iliyofuata, na iliyofuata, mpaka akaijua sauti ile kwa moyo.

Hapo mjukuu alikuwa akiishia kila siku. Nikiuliza ikawaje baadaye, alitazama saa na kusema ana mwanafunzi.

Wakati huohuo mtaa wetu ulikuwa umeanza kubadilika. Ujumbe ulizunguka kwenye simu, usio na jina la mwandishi, wa kuwataka wageni waondoke. Wanaume wasiojulikana walipita kwenye maduka wakidai kuona vibali. Mhabeshi mwenye spaza, kiduka cha mtaani, mkabala na geti letu alianza kuuzia watu kupitia nondo. Mama fundi aliteremsha kibao chake kilichoandikwa kwa Kifaransa, akakisimamisha nyuma ya mlango, maandishi yakitazama ukuta. Hakuna aliyemwambia akiteremshe.

Balbu ya projekta ikaungua wiki hiyo. Nikaenda Jeppestown, kwa fundi anayeuza vifaa vilivyotumika, nikaipata, nikaanza kurudi kwa miguu kuelekea kwenye teksi. Ilikuwa mchana wa jua kali. Kwenye robot, yaani taa za barabarani, zikiwa nyekundu, wanaume wamesimama ukingoni mwa barabara. Nilidhani nao wanasubiri kuvuka. Mmoja akainua mkono wake, akaukunja, akagusa kiwiko kwa kidole.

"Yini le?" aliniuliza. Hii ni nini?

Mtu yeyote asiye wa hapa anayeishi mji huu anajua swali hilo. Wanalitumia kwa sababu neno lenyewe ni gumu, na mgeni hulikosa.

"Indololwane," nilijibu.

Wakatazamana. "Sema tena."

Nikasema tena.

"Anasema kama redio," mmoja alicheka. Lakini aliyeuliza hakucheka. Alinisogelea, akaniuliza ninatoka wapi. Nikasema Bellevue.

"Na kabla ya Bellevue?"

Kibali changu cha kuishi nchi hii kilikuwa mfukoni, na nilijua hakina kazi pale. Gari la polisi likasimama kwenye taa, askari wawili ndani wakila. Wale wanaume hawakukimbia. Walisogea kando kama watu wanaopisha mlangoni, nami nikavuka. Nilipofika nyumbani niliona nimeliminya boksi la balbu mpaka limepondeka. Balbu yenyewe, kwa bahati, ilikuwa nzima.

Mjukuu wa mwigizaji alikuwa tayari amekaa chumba cha mbele na chai yake. Nikawasimulia. Mama fundi alisema, "Yezu." Yule mama wa Kijapani aliweka kikombe chini.

"Walikuuliza neno?" alisema. "Neno moja tu?"

"Ndiyo, mama."

Ndipo akatusimulia sehemu aliyokuwa akiiruka.

Tetemeko liliikuta Tokyo wakati wa chakula cha mchana, majiko yote yakiwa yamewashwa. Lile jengo la vioo lilianguka. Moto ukashika bohari ya filamu, na filamu za enzi hizo zilikuwa zikiwaka kama petroli, kwa hiyo karibu picha zote za mwigizaji ziliteketea mchana huo, wakati yeye amesimama uani akitazama. Alitoka hapo na mwanamke mmoja tu, dobi wa kampuni, Mkorea aliyefua na kupiga pasi nguo za waigizaji. Wakashikana mikono ili wasipotezane katika watu.

Kabla moto haujazimika uvumi ulikuwa umeenea kwamba Wakorea wanatia sumu visimani na kuchoma nyumba. Hakuna aliyeona. Kila mtu alikuwa amesikia. Siku ya pili walipofika kwenye daraja, waliwakuta wanaume wamefunga njia, wenye mianzi iliyochongwa ncha na kulabu za kuvutia mbao kwenye moto. Hawakuwa askari. Mmoja aliuza samaki, mmoja alikuwa mwanafunzi mwenye kofia ya shule. Kila aliyetaka kupita aliambiwa aseme maneno fulani mepesi, yenye sauti ambazo Mkorea huzitamka tofauti.

"Bibi alisema kilichomtisha si ile mianzi," mjukuu alisema. "Ni kwamba walikuwa na adabu. Waliinama kidogo kabla ya kuuliza."

Mwigizaji aliyasema maneno. Lahaja ya kisiwani kwao ikayapinda.

"Sema tena," walimwambia, wakasogea.

Nyuma yake watu walirudi hatua, kama wanavyorudi mbali na mtu aliyeanguka kifafa. Hapo ndipo ilipomjia sauti ya yule msimuliaji. Akanyoosha shingo, akasema, kwa sauti ya bibi wa mjini asiyezoea kusimamishwa njiani, maneno yote aliyosemewa katika picha yake moja, ya mke wa ofisa anayewakemea walinzi. Yule mwanafunzi akamtazama usoni, chini ya masizi. "Ni yeye!" alipiga kelele. Wakaanza kucheka kwa furaha. Mmoja alimpa maji. Mmoja aliinama tena, safari hii chini kabisa.

"Na huyu?" muuza samaki aliuliza.

"Mtumishi wangu. Ni bubu toka kuzaliwa."

Muuza samaki alikuwa amevaa viatu vya mbao. Akaweka kimoja juu ya mguu mtupu wa dobi, akakandamiza kwa uzito wake wote huku akimtazama mdomo. Dobi alifungua mdomo. Haikutoka sauti. Wakaruhusiwa kupita.

Walilala uwanjani kando ya mto, pamoja na maelfu ya watu. Mwigizaji alipoamka alfajiri, dobi hakuwepo. Watu wa karibu walisema walikuja wanaume wakiita wale wasio na ndugu wawapeleke mahali salama. Kanga waliyojifunika wawili, au niseme kitambaa, maana kanga ni neno langu, ilikuwa imekunjwa vizuri na kuwekwa kando ya kichwa cha mwigizaji.

Mama fundi aliwasha cherehani, akaendesha mshono mrefu kwenye kitambaa ambacho kilikuwa kimekwisha shonwa.

Maandamano ya kuwapinga wageni yalitangazwa kuwa Jumamosi ileile tuliyopanga kuonyesha kile kipande. Yalikuwa ya katikati ya mji, mbali na sisi. Mjukuu alisema tuahirishe. Mama fundi alisema, "Papa, bale batu banapita fasi banataka, si fasi banasema." Fasi kwao ni mahali. Nikaenda kumuuliza Gogo, kwa kuwa nyumba ni yake. Alikuwa anamenya boga jikoni.

"Nikifunga gereji yangu leo kwa sababu yao, kesho watanifungia jiko," alisema. "Onyesheni. Ila mchana, na geti lifungwe."

Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Nadhani hakuna aliyetaka kukaa peke yake chumbani siku hiyo. Nikazima taa.

Nilikuwa nimeitazama ile picha mara nyingi kwa mazoezi, lakini kwenye shuka, mbele ya watu, uso ule ulinishtua. Ulikuwa mweupe wa poda, macho yakitazama kando kidogo ya kamera, kama mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili. Anacheza mwanamke mwenye nyumba ya wageni mlimani, wakati wa theluji. Msafiri anayesakwa anabisha hodi. Anamficha kwenye kabati la matandiko, na kabla hajafuta nyayo zake sakafuni, wasakaji wanaingia.

Mjukuu alikuwa ameniomba jambo moja: bibi yake asisemewe tena kwa sauti ya watu wa mji mkuu. Kwa hiyo wasakaji niliwapa Kiswahili cha redioni, kilichonyooka. Mwanamke nikampa maneno ya mama fundi wa Bukavu.

"Karibuni, bapapa," nikamsemea, "muko na baridi sana. Mikae, minabaletea chai."

Gereji ililipuka kwa vicheko. Wakongo waligonga madawati. "Ni mimi huyo!" mama fundi alipiga kelele. "Banaiba sauti yangu!" Halafu vicheko vikafifia vyenyewe, kwa sababu mkubwa wa wasakaji alikuwa ameanza kuzitazama nyayo.

Mlango mdogo unaoingia ndani ya nyumba ukafunguka. Gogo akasimama hapo, akafanya ishara ya mkono kwenye koo.

Nikazima maiki. Tukazisikia nyimbo zikija kutoka upande wa barabara kuu, na fimbo zikigonga mageti, geti moja baada ya jingine. Mtu wa mbele alitaka kuinuka kuzima projekta. Nikamzuia, kwa kuwa feni yake ikizimika hutoa mlio. Kwa hiyo picha ikaendelea bila msemaji. Mwanamke anamimina chai. Mkono wake hautikisiki. Mama mmoja wa Kirundi alimpa mwanawe ziwa kabla hajalia.

Gogo alikuwa amekwenda getini. Tuliwasikia kwa Kizulu, kila neno.

"Nani wamo humo, Gogo?"

"Wanangu."

"Tumesikia lugha."

"Lugha gani? Mimi nazungumza na Mungu wangu kwa lugha ambayo hata nyinyi hamuijui."

"Fungua tuone."

"Vunjeni. Kisha mwende mkawaambie mama zenu mmevunja geti la kizee."

Wengine walicheka. Kisha mmoja akasema kwa upole, "Usikasirike, Gogo. Tutarudi siku yenye nafasi."

Sauti hiyo niliijua. Alikuwa fundi umeme wa mtaa wa nyuma, aliyetuvutia waya wa gereji na kukataa malipo kwa sababu Gogo alimlea mama yake.

Walivuka barabara. Tukasikia nondo za spaza ya Mhabeshi zikivutwa kwa kitu kizito, vyuma vikilia, kisha chupa. Ilichukua muda. Picha ilifika mwisho wa kile kipande, mkubwa wa wasakaji akiwa ameshika kitasa cha kabati, ikakatika hapo. Shuka likabaki jeupe, na nuru yake ikatuangaza nyuso. Hakuna aliyeinuka.

Hatukuweza kutoka mpaka mtaa utulie. Katika kungoja, mlinzi mmoja wa Tanga aliyekaa karibu nami akaninong'oneza, "Yule mama wa kwenye picha, maisha yake yaliishaje?"

Nikamuuliza mjukuu. Akasimulia kwa sauti ya chini, mimi nikanong'ona kwa dawati la kwanza, dawati la kwanza likageuka kunong'ona kwa la pili.

Mwigizaji alirudi kwenye kazi, mjukuu alisema, katika mji mwingine, magharibi, kwa sababu Tokyo studio zilikuwa majivu. Alipata sifa kuliko mwanzo. Ila alikataa kucheza mandhari yoyote yenye wanaume wamesimama mlangoni, na waongozaji wakadhani ni maringo. Kisha zikaja picha zenye sauti. Wakamsimamisha mbele ya kipaza sauti, wakamwambia aseme sentensi moja. Angeweza kuisema kwa ile sauti ya msimuliaji, alikuwa bado anayo. Hakutaka kuitumia tena. Alisema kwa sauti ya kwao, kisiwani. Mafundi wakatazamana. Mwongozaji, mtu mwema, akamtafutia sehemu ya bubu. Akacheza bubu, akacheza bubu mwingine, kisha akaaga. Akaolewa na fundi wa kutia nguo rangi, akafundisha ngoma, akaishi mpaka uzee.

Msimuliaji naye sauti za picha zilimpokonya kazi. Akawa anauza dawa za tumbo barabarani, kwa sauti ileile nzuri. Siku moja alifika kwa mwigizaji na bati la biskuti. Ndani mlikuwa na kile kipande. Alikuwa amekiomba ukumbini kwake kabla ya tetemeko, ili afanye mazoezi nyumbani.

"Na dobi?" mama fundi aliuliza. "Alimuona tena?"

"Alimtafuta maisha yake yote. Aliwauliza Wakorea kila alipowakuta. Lakini kampuni ilikuwa imempa dobi jina la Kijapani, na bibi hakuwahi kumuuliza la kwao. Alikuwa akimtafuta mtu asiye na jina."

Nilinong'ona hilo, nikalisikia likienda nyuma, dawati kwa dawati.

Tulipotoka jua lilikuwa bado juu. Barabarani sabuni ya unga ilikuwa imemwagika kama theluji, na watu wa mtaa, wengine nawafahamu, walikuwa wakiokota makopo. Mhabeshi alikuwa ametoroka kupitia paa, mzima. Hakurudi. Mama fundi alihamishia cherehani yake La Rochelle, mtaa mwingine wa hapahapa Johannesburg, wiki hiyo, kwa dada wa kanisa lake. Mjukuu alinipigia kusema ameniachia kile kipande, nikiseme nitakapoweza. Nimekisema mara moja huko La Rochelle, madirisha yamefungwa, bila maiki. Watu waliuliza habari za dobi kuliko za mwigizaji.

Mimi sijahama. Gogo hataki kuondoka kwake, na siwezi kumwacha. Majuzi asubuhi nilikuwa nikifagia mbele ya geti, fundi umeme akapita na begi lake la vifaa.

"Sharp, baba," aliniamkia kama kawaida.

"Sharp."

Aliuliza mbona siku hizi hakuna picha. Nikamwambia projekta imeharibika. Akaitazama gereji, mlango wake, waya aliouvuta mwenyewe unavyopita chini ya paa.

"Nitapita niiangalie," alisema. "Jumamosi utakuwepo?"

Niliingia ndani nikamweleza Gogo kwamba kuna mtu anataka kuja Jumamosi kuiangalia projekta. Hakuuliza ni nani. Alikausha mikono, akaenda kwenye mlango mdogo wa gereji, akaufunga kwa funguo, na funguo akazitia kifuani.